Mwanangu alikariri darasa la nne, haya ndo tuliyofanya nyumbani

Wazazi wenzangu, Januari ya mwaka jana matokeo ya upimaji wa darasa la nne yalitoka na mwanangu hakufikia. Huo mtihani wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, mtoto asipofikia kiwango anarudia darasa, basi. Nilisoma kwenye simu nikiwa jikoni, yeye kasimama mlangoni ananiangalia usoni tu, hakuuliza kitu, akageuka akaenda kulala kifudifudi mpaka magharibi.

Niseme ukweli, nilichofanya mimi kwanza ni kupiga simu huku na huku kutafuta shule itakayompokea aingie la tano hivyo hivyo. Mama mkwe ndo alinizuia, akaniambia, "Mwanangu, ukimhamisha leo atajua kwamba mtu akishindwa anakimbia." Ile kauli iliniingia, nikaweka simu chini.

Sasa wengi wetu tukisikia kumfundisha mtoto kustahimili tunafikiria kumkomaza, yaani kumfokea, kumchapa, usilie we ni mwanaume. Huo ni usugu jamani, na mtoto sugu si kwamba haumii, anaacha tu kukuambia anapoumia. Mimi sitaki mwanangu afike huko.

Kwa hiyo usiku ule hatukuongelea masomo kabisa, nilimpa chakula nikakaa naye, alipolia nikamwacha alie. Kesho yake ndo akasema kinachomuuma, kumbe hata sio mtihani, ni wenzake watamwita mkariri. Basi jioni tukakaa kwenye mkeka nikamwambia mwanangu, "Mimi ndo hao watoto," nikawa namtania kama wanavyotaniana, "We mkariri, umerudi kwa watoto wadogo!" Mara ya kwanza alinyamaza, mara ya pili akataka kunipiga, tulirudia siku tatu mpaka akapata jibu lake mwenyewe: "Ndiyo nimekariri, kwani kuna nini, twende tukacheze." Alilisema kavu kabisa huku ananiangalia machoni. Shule ilipofunguliwa alitaniwa kweli, akarudi kuniambia amelitumia.

Kuna utafiti mmoja huwa naukumbuka sana. Mwanasaikolojia wa Marekani Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 kisiwa cha Kauai kule Hawaii, wakawafuata mpaka wakiwa watu wazima wa miaka 40. Katika wale waliokulia kwenye shida nzito, umaskini, ugomvi ndani ya nyumba, mzazi mgonjwa wa akili au mlevi, kama theluthi moja walikua vizuri tu, wakawa watu wanaojiweza na wanaojali wenzao. Kitu kimoja walichokuwa nacho ni mtu mzima angalau mmoja aliyewashika, na si lazima awe mzazi, bibi anatosha, mwalimu anatosha. Kingine, wengi walikuwa na kazi ya nyumbani ambayo familia inaitegemea kweli.

Hilo la kazi nikalichukua, nikampa mwanangu LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Kazi yake ni kuangalia uniti, zikikaribia kuisha aniambie, mimi nanunua na yeye anaingiza tokeni. Siku moja alisahau, umeme ukakatika saa mbili usiku wali uko kwenye jiko. Nikanunua, nikamshikia tochi ya simu, zile namba ziko 20, akakosea, mita ikakataa, akaanza upya akakosea tena, jasho linamtoka na mdogo wake analia giza. Mkono wangu ulikuwa unawasha kumnyang'anya nimalize mwenyewe, lakini nilijizuia, nikamwambia tu soma nne nne halafu pumua. Mara ya tatu taa zikawaka. Hakusema kitu, aliiangalia tu ile mita. Naamini zile dakika zilimjenga kuliko maneno yangu ya mwaka mzima.

Kingine ni baba yao. Zamani alikuwa akirudi biashara imegoma ananyamaza, tunajifanya kila kitu kiko sawa. Siku hizi anasema mezani, leo sijauza, kesho nitapanga mzigo tofauti, na watoto wanamsikia. Mtoto ataonaje mtu anavyoinuka kama hajawahi kuona mtu mzima ameanguka?

Ila tuelewane, haya ni kwa magumu ya kawaida, kufeli, kutaniwa, kukosa. Mtoto anayepigwa au anayeguswa vibaya hafundishwi kustahimili, huyo anatolewa kwenye hiyo hali mara moja, na hapa Tanzania kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure. Na ukiona wiki zinapita mtoto hali chakula vizuri, halali usingizi, ameanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, mpeleke hospitali, usisubiri aizoee.

Mkeka bado tunautumia, kila jioni robo saa ya hesabu kwa maharage, mafungu sita ya punje saba, anahesabu na kupanga mwenyewe. Sasa hivi yuko la tano na kugawanya bado kunamsumbua. Jana alipata 11 kwa 50, akaja akaliweka daftari mezani mbele yangu bila kuitwa, akasema, "Mama, hizi za kubakiza ndo sizielewi." Nikaenda kuleta maharage.