Shahada ya Sanaa za Mawasiliano haina leseni, kwa hiyo jipange hivi

Mkuu mleta mada, umeuliza kama mdogo wako aliyechaguliwa kusoma Sanaa za Mawasiliano ataishia kuhangaikia utangazaji, na kama akiukosa ndiyo basi miaka yake imekwenda bure. Hapana. Ila kuna jambo moja ambalo asipoambiwa mapema litamsumbua sana: shahada hii haina leseni nyuma yake. Muuguzi au wakili ana bodi inayomzuia asiyesomea kuingia kwenye kazi yake. Afisa mawasiliano kwa kawaida hana kinga hiyo, na nafasi anayoiomba yeye inaombwa pia na aliyesoma historia, lugha au biashara. Cheti kitamfikisha kwenye usaili. Kitakachoamua pale ni kazi alizokwisha kuzifanya kwa mikono yake, na alivyo tayari kueleza kwa nini alizifanya hivyo.

Kuhusu utangazaji wenyewe: nyuma ya sauti moja inayosikika kuna prodyuza, mwandishi wa kipindi, mtafiti wa kuwapata wageni, fundi sauti na mhariri. Anayeng'ang'ania kiti cha mbele peke yake anaziacha nafasi nyingi kuliko anayoitafuta.

Sasa tuingie kwenye masomo yenyewe. Uandishi wa habari hufundisha kuweka lililo zito juu kabisa ili hata aya za mwisho zikikatwa habari ibaki imesimama. Ujuzi huo huo ndio unaoandika taarifa kwa vyombo vya habari, waraka wa mkurugenzi kwa wafanyakazi, andiko la kuombea fedha za mradi, hotuba, hata yale maneno mafupi yaliyo kwenye vitufe vya programu za simu. Mwambie afanye zoezi hili kila mwezi: achukue ripoti ya kurasa 20, aiandike upya kwa ukurasa mmoja wa bodi ya wakurugenzi, aya moja ya wateja, na ujumbe wa simu usiozidi herufi 160. Kosa la wengi ni kupunguza maneno badala ya kuchagua jambo. Bodi inataka kujua gharama na hatari. Mteja anataka kujua afanye nini na lini. Matoleo matatu yakifanana, mwandishi hajamfikiria msomaji hata mmoja. "Kufuatia zoezi la uboreshaji wa miundombinu, wateja wetu wapendwa mnaarifiwa…" ni ujumbe ulioandikwa kumfurahisha bosi. "Maji yatakatika Jumanne saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Hifadhi ya kutosha" ni mawasiliano.

Kwenye uzalishaji wa video, wanafunzi hukimbilia kamera, na hapo ndipo wanapoharibu. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo. Sauti yenye mwangwi humfukuza. Maiki ya kubana kwenye nguo ikae kifuani, kama sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mbali na mkufu na kola inayosuguana. Vilele vya sauti, yaani pale inapopanda juu kabisa, viwe kati ya −12 na −6 desibeli kwenye kipimo cha kinasa sauti, ambacho mwisho wake ni 0. Sauti iliyorekodiwa chini kidogo huinuliwa, ingawa na kelele za chumba hupanda nayo. Iliyopita kipimo na kupasuka ni nadra kurudi salama. Kabla ya kufungasha vifaa arekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba kile kile, maana mhariri atazihitaji kuziba mapengo pale anapokata maneno. Mtu anayejua hayo anaajirika kwenye studio, na vilevile kwenye idara ya mafunzo ya kampuni, kitengo cha elimu ya afya, au kwa watu wanaotengeneza masomo ya mtandaoni. Manukuu ya video, yale maandishi ya maneno yanayosemwa yanayopita chini ya picha, nayo ni kazi inayojitegemea: mistari isizidi 2 kwa wakati mmoja, na kila mstari uwe na herufi 42 hivi, la sivyo jicho halifuati.

Somo ambalo wanafunzi wengi hulikimbia ni utafiti wa hadhira pamoja na takwimu zake, na kwa maoni yangu ndilo linalofungua milango mingi zaidi. Utafiti wa soko, tathmini ya miradi, kampeni za afya, upimaji wa matangazo, vyote vinataka mtu anayeweza kutunga dodoso lisilodanganya. Tazama swali hili: "Je, unaridhishwa na kasi na bei ya huduma yetu?" Ni maswali mawili ndani ya moja, anayeipenda kasi na kuichukia bei hana pa kuweka jibu. Ligawe. Lingine: "Unakubali kwamba huduma yetu imeboreka?" Hilo limeshamwekea mtu jibu mdomoni. Kila dodoso lijaribiwe kwanza kwa watu 10 hivi, wakiombwa waeleze kwa maneno yao walivyolielewa kila swali. Hapo makosa hujitokeza yenyewe.

Kisha sampuli, yaani wale wachache unaowahoji kwa niaba ya wengi. Ukiwachagua watu kwa bahati nasibu kutoka kwenye kundi kubwa, watu 400 hivi hukupa kosa la takriban asilimia 5 juu au chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, yaani ukirudia utafiti huo mara 100, kama mara 95 jibu halitapotoka zaidi ya hapo. Watu 1,000 hukupa takriban asilimia 3. Kulipunguza kosa kwa nusu unahitaji watu mara 4, na ndiyo maana bajeti hupanda ghafla. Lakini hesabu hiyo inategemea bahati nasibu. Dodoso lililorushwa kwenye kundi la mtandaoni likajibiwa na waliojisikia kujibu linaweza kuwa na majibu 5,000 na bado likapotosha, kwa sababu waliokaa kimya huenda wanafikiri tofauti kabisa. Mhitimu anayeweza kumweleza meneja jambo hilo kwa utulivu, bila kumdhalilisha, hachelewi kupewa kazi nzito.

Sheria na maadili nisilirefushe: kashfa, hakimiliki na ridhaa ya anayepigwa picha. Asiyeyajua humtia mwajiri wake kwenye kesi.

Basi akusanye kazi zake tangu mwaka wa kwanza, asingoje muhula wa mwisho. Kazi 6 hadi 8 nzuri zinatosha, na kila moja iwe na maelezo mafupi: ililengwa kwa nani, tatizo lilikuwa nini, yeye alifanya nini, na nini kilibadilika. Kwenye kazi za kikundi aandike sehemu yake bila kujificha nyuma ya "tulitengeneza". "Niliandika skripti na kuhariri sauti" linaeleweka. Msaili akichimba, majibu yapo. Video ya mifano iwe ya sekunde 60 hadi 90, na kilicho bora kikae kwenye sekunde 10 za mwanzo, maana anayekagua maombi mengi hafiki mwisho wa kila moja. Faili za asili azihifadhi nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2 tofauti, na nakala moja ikae mahali pengine kabisa.

Na kwenye kuomba kazi, asitafute neno "mawasiliano" peke yake. Atafute pia uhusiano kwa umma, elimu kwa umma, huduma kwa wateja, mafunzo kwa wafanyakazi, uhamasishaji wa jamii, uhariri, tathmini ya miradi. Kisha maneno ya tangazo ayaoanishe na kazi zake moja baada ya nyingine: wametaja "kuandaa ripoti", aambatishe ule ukurasa mmoja wa bodi, wametaja "kukusanya maoni", aambatishe dodoso lake pamoja na yale mabadiliko aliyoyafanya baada ya kulijaribu.