Usianze na Shati la Pamba

Nilikuwa nimemaliza kunyoosha mashati matatu ya pamba. Nikapunguza moto wa pasi, nikaitandika blauzi ya nailoni, nikapitisha mara moja tu. Kitambaa kikanata kwenye chuma, na nilipoinua pasi mgongo wa blauzi ulikuwa na tundu. Pasi hupata moto upesi lakini hupoa taratibu; ukigeuza swichi sasa hivi, chuma bado kinakumbuka pamba.

Siku hizi napanga nguo kwa zamu kabla ya kuwasha pasi, nikianza na zile zisizopenda moto. Lebo ya ndani ina kipicha cha pasi chenye nukta. Nukta moja ni nyuzijoto zisizozidi 110, mara nyingi kwa nailoni na akriliki. Mbili ni 150: sufu, hariri, na poliesta nyingi. Tatu ni 200, ndiyo pamba na kitani. Kitani nakinyoosha kikiwa bado na unyevu, maana kikikauka kabisa mikunjo yake ni kesi. Nguo nyeusi nazigeuza ndani nje zisipate ule mng'ao wa suruali iliyochoka, na sufu naiwekea kitambaa kibichi juu.

Kwenye kufua, sufu ndiyo iliyonifunza adabu. Niliitumbukiza sweta kwenye maji ya moto nikaisugua kama jinzi, ikatoka ngumu, saizi ya mtoto. Unyuzi wa sufu una magamba madogo. Joto na msuguano huyafanya yashikane, na yakishashikana hayaachiani. Basi maji yawe ya baridi au vuguvugu, ya kusuuzia yawe vilevile, na mkono ukamue kwa kubonyeza, si kusokota. Kisha naiviringisha ndani ya taulo inyonywe maji, naitandaza bapa. Ukiitundika kwenye kamba, uzito wa maji utaivuta mpaka magotini.

Dawa ya kung'arisha yenye klorini iwe mbali na sufu na hariri. Zote mbili ni protini, kama nywele zako, na klorini huzila.

Reyoni nayo hudanganya: ikiwa kavu ni imara, ikilowa hudhoofika. Pamba ni kinyume chake, ikilowa huongezeka nguvu, ndiyo maana huvumilia kupigwapigwa.

Kuanika hakuna mengi. Pamba nyeupe ipeleke juani bila huruma. Za rangi zigeuze, zianike kivulini, jua lisizipaushe. Nailoni nyeupe pia iwe kivulini, kwa sababu juani hugeuka manjano, na mimi hapo niliwahi kulaumu sabuni bure.

Taulo hazihitaji pasi wala dawa ya kulainisha. Dawa hiyo huacha utando kwenye nyuzi, ukabaki na taulo laini inayokusambazia maji mwilini badala ya kukukausha.