Kabla hujaliziba mdomo gari lako la nitro

Anayeanza na monsta ya nitro, yaani gari dogo la rimoti lenye magurudumu makubwa na injini ya mafuta ya nitro, huuliza kwanza namna ya kuiongezea kasi. Siku majirani wanapoanza kuchungulia, anauliza namna ya kuinyamazisha. Wengi huchukulia hizo ni kazi mbili. Mimi naona ni kazi moja yenye mpangilio wake: tuni kwanza (kurekebisha kiasi cha mafuta yanayoingia kwenye injini), kelele baadaye, halafu tuni tena. Anayeanzia kwenye kelele huishia kununua injini nyingine.

Sababu iko kwenye ule mpira mwembamba unaotoka kwenye ekzosi kwenda tangini. Unapeleka shinikizo la moshi, na shinikizo hilo ndilo linalosukuma mafuta hadi kwenye kabureta. Ukigusa mwisho wa ekzosi, umegusa pia mafuta yanayoingia ndani. Mtu anachomeka sponji, au anaziba nusu ya tundu, akidhani amepunguza sauti tu, kumbe moshi umekosa njia, joto limepanda na tuni yote imevurugika.

Sasa tuni. Mafuta haya ni methanoli, nitromethani (kwa magari mara nyingi asilimia 10 hadi 30) na oili iliyochanganywa humo humo. Injini ni ya mipigo miwili na haina oili nyingine popote, kwa hiyo injini inayokosa mafuta inakosa pia kilainishi, tena wakati ule ule joto linapopanda. Ndiyo maana kila mzoefu atakwambia afadhali moshi uzidi kuliko upungue. Gari kavu, yaani lenye mafuta pungufu, huwa na kasi tamu kwa dakika chache, na utamu huo ndio unaowaponza wageni.

Kabureta nyingi zina skrubu tatu: mbili za kupimia mafuta, zinazoitwa sindano, moja ya mwendo wa kasi na moja ya mwendo wa chini, na skrubu ya mzunguko wa kusimama, injini inapowaka gari likiwa halitembei. Kwenye sindano, kuzungusha kulia kunapunguza mafuta, kushoto kunaongeza. Anza na vipimo vya kijitabu cha injini yako, na kama injini ni mpya maliza kwanza kuilainisha kwa mwendo mpole na mafuta mengi. Usishtuke ikigoma kuzunguka asubuhi ya baridi: silinda hubana kuelekea juu, na pistoni hukaa vizuri humo injini ikishapata moto. Ipashe kichwa kwa mashine ya kukaushia nywele kabla ya kuiwasha, utakuwa umeiokolea uhai mwingi.

Injini ikishapata joto la kazi, shughulikia mwendo wa kasi kwanza. Piga resi sehemu ndefu na utazame nyuma ya gari: lazima uone mkia wa moshi mwembamba usiokatika. Likikokota na kutapika moshi, punguza mafuta kwa moja ya nane ya mzunguko, si zaidi, kisha liendeshe tena kabla ya kuhukumu. Likivuta vizuri kisha likalegea ghafla katikati ya resi, au moshi ukatoweka, achia resi mara moja na uongeze mafuta. Kipima joto kinasaidia, na injini nyingi hufurahia nyuzi 100 hadi 120 za selsiasi karibu na plagi. Ila joto peke yake ni shahidi wa pili. Moshi na mvuto ndivyo vya kuamini.

Mwendo wa chini una jaribio lake, nami silibadilishi kwa lingine. Gari likiwa limesimama linanguruma, bana kwa vidole mpira wa mafuta karibu na kabureta. Injini nzuri itapandisha sauti kidogo kisha izime baada ya sekunde mbili hadi nne. Ikizima papo hapo, ni kavu. Ikiendelea kunguruma muda mrefu, ina mafuta mengi. Malizia na skrubu ya kusimama, magurudumu yasijizungushe yenyewe. Na kama sauti inapanda na kushuka bila wewe kugusa kitu, acha sindano. Kuna mahali panavuta hewa. Kagua shingo ya kabureta, kifuniko cha nyuma cha injini, mipira yote na mfuniko wa tangi.

Hapo tu ndipo kelele inafikiwa. Injini ya mizunguko 30,000 kwa dakika inalipuka mara 500 kila sekunde, na mlio huo una njia kadhaa za kutokea. Ujue hili kuhusu desibeli: vyanzo viwili vikiwa sawa, ukikifuta kimoja kabisa umepunguza desibeli 3 tu. Kwa hiyo tafuta kilicho kikubwa kwanza, na karibu kila mara ni ekzosi inayovuja. Tazama maungio: penye ute mweusi wa oili, moshi unatoka hapo pamoja na sauti. Badilisha gasketi, kaza springi, funga upya mpira wa silikoni unaounganisha bomba la injini na ekzosi. Baada ya hapo unaweza kufunga ekzosi yenye vyumba ndani, iliyotengenezwa kwa ukubwa wa injini yako, na kuongeza kipande cha mpira wa silikoni mdomoni kinachoelekeza moshi chini. Tundu lake lisiwe dogo kuliko la ekzosi.

Watu husahau upande wa kuvuta hewa. EFRA, shirikisho la Ulaya la mchezo huu, lina madaraja ya mbio ambamo sanduku la kupunguza mlio wa hewa inayoingia ni lazima. Kwa monsta, filta nene ya sponji iliyopakwa oili yake inatosha kwa mengi, nayo inazuia vumbi.

Mlio mkali kama wa msumeno huwa ni gia. Legeza injini, weka ukanda wa karatasi kati ya meno, sukuma yakutane, kaza, toa karatasi. Tikisa pia kengele ya klachi, kile kikombe chenye meno kinachoifunika klachi; beringi zake zikichoka zinapiga kelele mbaya. Bodi nayo hupokea mtetemo na kuukuza; vipande vya sponji kwenye nguzo zake vinatosha. Matundu ya kupozea usiyazibe.

Baada ya yote hayo, rudi kwenye sindano: moshi, mvuto, kubana mpira. Jaribio likikupa majibu tofauti na ya mwanzo, si ajabu. Na mahali penye uwazi, kila ukiuzidisha mara mbili umbali kati ya gari na nyumba, sauti inashuka takriban desibeli 6. Hakuna ekzosi ya bei rahisi kuliko hiyo.

Methanoli ni sumu, hupenya ngozi, na moto wake karibu hauonekani mchana, kwa hiyo usijaze tangi injini ikiwa inawaka. Ukimaliza, toa mafuta yote, washa hadi mabaki yaishe, dondoshea oili ya kuhifadhia kwenye kabureta na tundu la plagi, izungushe kidogo, kisha iache pistoni ikiwa chini kabisa ili silinda inapopoa isiibane.