Muulize Bwana Shamba: Saladi ya Kila Wiki Chumbani

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Ninaishi ghorofa ya tatu, na chumba kimoja kisichotumika nimekigeuza bustani ya hidroponiki (kilimo cha maji yenye mbolea badala ya udongo): paipu nne za PVC zenye matundu tisa kila moja, tangi la lita 60, pampu na taa za LED. Nilipanda saladi matundu yote 36 siku moja. Wiki ya sita tulikula, tukagawia majirani, nyingine zikatuharibikia, kisha tukakaa mwezi na nusu bila hata jani. Awamu ya pili mizizi iligeuka kahawia yenye utelezi, miche ikanyauka. Nifanyeje ili nivune kila wiki? Msomaji, Upanga, Dar es Salaam.

JIBU: Marahaba. Vifaa ulivyo navyo vinatosha. Kilichokosekana ni kalenda ya kusia mbegu. Saladi huchukua takriban wiki sita tangu kusiwa hadi kuvunwa, na wiki mbili za mwanzo haihitaji tundu la paipu, kwa kuwa hukaa kwenye trei ya kitalu chini ya taa. Zinabaki wiki nne, nawe una paipu nne. Kila Jumamosi, basi, vuna paipu moja, isugue ndani, hamishia humo miche tisa yenye umri wa wiki mbili, na siku hiyohiyo usie mbegu nyingine. Usisie tisa kamili; sia kumi na tano, kwa sababu zipo zitakazokataa kuota na zitakazotoka dhaifu. Wengi huzitunza paipu wakaisahau trei, ilhali trei iliyosahaulika Jumamosi moja huacha pengo ambalo hakuna mbolea itakayoliziba. Unapoanza upya, vumilia kuziona paipu tatu zikiwa tupu. Ukizijaza zote kwa pamoja utarudi palepale.

Mbegu za saladi hazipendi joto, na likizidi nyuzi 30 za Selsiasi nyingi hulala tu bila kuota. Zifunge kwenye karatasi laini yenye unyevu, uziweke sehemu ya chini ya friji kwa siku mbili kabla ya kuzisia, na uzifunike kwa udongo au nyuzi za nazi kidogo sana, maana huota vizuri zikipata mwanga.

Kuhusu mizizi, ninashuku joto la maji. Maji ya nyuzi 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hubaki kama 7.5, wakati ambapo mizizi yenyewe inahitaji hewa zaidi. Hapo vimelea vya kuozesha mizizi hupata nafasi. Chomoa mche mmoja uuvute mzizi taratibu kwa vidole viwili. Ganda la nje likibanduka na kubaki uzi mwembamba, mche huo umekwisha, na tangi lote limwagwe na kuoshwa. Tumbukiza kipimajoto majini saa nane mchana. Kikionyesha zaidi ya nyuzi 25, weka tangini chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa, nyingine ikisubiri kwenye friza. Lifunike tangi lisipate mwanga, ili mwani usiote.

Kwa kuwa miche ya umri tofauti itakunywa tangi moja, usiikoleze mbolea: EC (kipimo cha ukali wa mbolea majini) ya 1.0 hadi 1.2 na pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 5.5 na 6.5 huifaa yote, na kwenye trei tumia nusu ya nguvu hiyo. Nitreti ya kalisi usiichanganye kavu wala ikiwa kali na mbolea yenye salfeti, kwani huganda mashapo meupe ambayo mmea hauwezi kuyanyonya. Yeyusha moja tangini, koroga, ndipo utie nyingine. Bustani ya mzunguko haina siku ya kupumzika, kwa hiyo maji yote yabadilishe Jumamosi, kila baada ya wiki mbili, na yale ya zamani, kama hayana ugonjwa, umwagilie vyungu vya barazani.

Umeme ukikatika mchana, mizizi huweza kukauka kwa saa chache. Inua kidogo kiwiko cha kutolea maji ili kina cha kidole kimoja kibaki ndani ya paipu.

Kuanzia Desemba hadi Machi ningekushauri paipu moja uipe mchicha, ambao hustahimili joto na huvunwa baada ya wiki tatu au nne.