Copter ilikatwa pasipo kiungo

Mwanangu mpenzi,

Swali lako la Jumapili limenikaa kichwani wiki nzima. Ulisema ile droni yako ya mapanga manne kwa Kiingereza huitwa quadcopter. Quad unaijua, ni nne, sasa hiyo copter ni nini? Nikakujibu harakaharaka kwamba bila shaka ni panga. Nimefungua kamusi, na jibu langu nalifuta.

Copter haikuwa neno popote. Ni kipande cha helicopter, jina lililoundwa Ufaransa mwaka 1861 na Gustave Ponton d'Amécourt, bwana aliyetengeneza kielelezo kidogo cha kuendeshwa kwa mvuke. Kielelezo hakikuinuka hata kidogo. Jina ndilo lililopaa. Alichukua Kigiriki helix, kitu kilichojisokota kama hesi za skrubu, ambacho kikiungwa na neno jingine huwa heliko-, akakiunga na pteron, bawa. Bawa la msokoto. Kiungo basi kiko kati ya helico na pter.

Hebu anza kutamka hapo: pter. Ulimi wa Mwingereza haupendi kuanza na p na t zilizobanana. Hata pterodactyl, yule mtambaazi wa kale aliyeruka, ambaye jina lake ni bawa na kidole, p yake huandikwa tu, haitamkwi. Wao walisikia heli, halafu copter, wakakata hapo. Vipande vyote viwili vikazaa: heli ikatoa heliport, kiwanja cha helikopta, na copter ikatoa gyrocopter na hiyo yako. Ile c ya mwanzo ni mkia wa msokoto uliobaki umeng'ang'ania bawa. Siku hizi copter inamaanisha chombo kinachopaa kwa mapanga yanayozunguka, maana iliyopata kwa kutumiwa tu.

Lakini usiwacheke. Kitabu tulikipokea kutoka Kiarabu, ambako ki- si kiambishi kamwe; mzizi wao ni k-t-b na wingi wao ni kutub. Sisi masikio yetu yalisikia ki-, tukakitia katika ngeli ya ki-vi, tukapata vitabu. Hatukuishia hapo: -tabu iliyobaki tukaifanya mzizi, tukatunga kijitabu. Mwarabu akisikia kijitabu sijui atashika wapi! Na kipilefti je? Ni Kiingereza keep left, agizo la kumwambia dereva apite kushoto. Leo tuna vipilefti, na hakuna anayeshtuka.

Ukiirusha tena nitumie video, lakini uishike kamera vizuri. Ile ya mwisho ilinitia kizunguzungu. Na ile kubwa ya mapanga sita unayoitamani huitwa hexacopter. Hexa ni sita kwa Kigiriki. Kilichobaki unakijua.

Mama yako