Kaka, usaili wa huko ukoje? Jibu kwa wadogo zangu wanaotafuta kazi ya uhandisi wa programu

Wadogo zangu, mwezi uliopita mmoja wenu aliniandikia kwa niaba ya wenzake watatu aliohitimu nao sayansi ya kompyuta, akauliza: "Kaka, wewe huko ughaibuni uliupitaje usaili wa uhandisi wa programu, na sisi tuanzie wapi?" Sikutaka kumjibu kwa mistari miwili ya simu, kwa sababu jibu fupi ndilo lililonipotosha mimi. Aliyenitangulia aliniambia kwamba mtu anayejua kuandika programu hana cha kuhofia, nami nikamwamini, kisha nikakataliwa na kampuni tisa mfululizo kabla sijaelewa ni kitu gani hasa kilichokuwa kikipimwa.

Nianze na usaili wangu wa kwanza wa kiufundi, maana sehemu kubwa ya ninayotaka kuwaambia imo ndani yake. Ulikuwa wa dakika 45 kwa njia ya video, na sote wawili tulikuwa tukiutazama ukurasa mmoja mtupu wa kuandikia msimbo, yaani maandishi ya programu, usionikumbusha jina la amri yoyote. Msaili alisema: una orodha ya namba, na una jumla fulani, nitafutie namba mbili katika orodha hiyo zinazofanya jumla hiyo. Nilinyamaza karibu dakika kumi nikifikiri, kisha nikaandika mizunguko miwili, mmoja ndani ya mwingine, inayolinganisha kila namba na kila mwenzake. Programu ilitoa jibu sahihi. Niliagana naye nikiamini kazi nimeipata, na siku ya tatu nikapokea barua pepe ya sentensi mbili yenye shukrani na heri za kila jema.

Sasa kwa kuwa na mimi huwasaili wengine, najua ni nini kilichoandikwa juu yangu siku ile. Sikuuliza swali hata moja. Sikujua kama namba zimepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, kama zinaweza kuwa hasi, kama namba moja inaruhusiwa kutumika mara mbili, wala programu irudishe nini endapo jozi haipo. Kuhusu jibu lenyewe, orodha ya namba milioni moja ina jozi zipatazo bilioni 500, na njia yangu ingelazimika kuzipitia zote pale ambapo jozi inayotakiwa haipo. Njia iliyotarajiwa ni kuipitia orodha mara moja tu: kila ufikapo kwenye namba, unajiuliza ni namba gani inayokamilisha jumla, unaitafuta katika jedwali la hashi, yaani hifadhi inayokujibu papo hapo kama kitu kimo au hakimo, lenye namba ulizokwisha kuziona, na usipoiona unaihifadhi uliyonayo na kusonga mbele. Unalipa kwa kumbukumbu ya kompyuta ili uokoe muda. Na kama orodha imekwisha kupangwa, hata kumbukumbu hiyo huihitaji, kwa sababu unaweza kuanza na namba ya kwanza na ya mwisho, ukasogea kuelekea katikati kutoka pande zote mbili kwa kufuata jumla imezidi au imepungua.

Hata hivyo, naamini kilichoniangusha zaidi ni zile dakika kumi za kimya. Msaili hana namna ya kuona yaliyomo kichwani mwako. Anaandika anayoyasikia, na mimi sikumpa cha kuandika. Mtu aliyezoea mitihani ya karatasi hudhani kwamba kuuliza ni kukiri ujinga na kwamba kusema wazo ambalo halijaiva ni kujiaibisha, ilhali katika usaili huu mambo hayo mawili ndiyo yanayotakiwa. Useme: "Njia ya kwanza inayonijia ni kujaribu kila jozi, itafanya kazi, lakini itakuwa nzito orodha ikiwa ndefu, kwa hiyo nipeni dakika moja nitafute iliyo nyepesi." Sentensi hiyo peke yake ingeweza kuniokoa siku ile.

Kisha kuna suala la lugha, ambalo watu hawalisemi. Kufikiri kwa sauti ni kazi ngumu hata kwa lugha uliyozaliwa nayo. Kufanya hivyo kwa lugha ya kigeni, mbele ya mtu anayekupima, ni ujuzi wa pekee unaohitaji mazoezi yake yenyewe. Mimi nilifanya hivi: kila usiku niliporudi kutoka ghalani, nilikokuwa nikipanga mizigo ili nilipe kodi ya chumba, nilichagua swali moja, nikawasha kinasa sauti cha simu, nikalitatua huku nikisema kila ninalowaza. Kesho yake nilijisikiliza nikiwa kwenye basi. Wiki za mwanzo ilikuwa uchungu kusikiliza, kwa sababu nilisikia vipande virefu vya ukimya, sentensi zilizokatika katikati, na maneno "sawa, sawa" yakirudiwa bila kusema lolote. Kufikia mwezi wa tatu nilianza kusikia mtu anayeeleweka. Lafudhi yenu msiihangaikie. Zungumzeni polepole, na msipomsikia msaili mwombeni arudie, kisha mlirudie swali kwa maneno yenu ili mhakikishe mmeelewa alichouliza.

Kuhusu cha kusoma, nawasihi msishindane kwa idadi ya maswali mliyoyatatua kwenye tovuti za mazoezi kama LeetCode. Nimewasaili vijana waliopitia mamia ya maswali na bado wakakwama pale swali lilipobadilishwa kidogo, kwa sababu walikariri majibu. Shikeni mambo machache hadi yakae mkononi: safu (array) na matini (string), jedwali la hashi, rundo (stack) na foleni (queue), miti (tree), grafu, yaani mtandao wa vitu vilivyounganishwa, na namna mbili za kuipitia, kwa mapana na kwa kina, upangaji, na utafutaji wa kugawa nusu kwa nusu. Maswali yanayotaka kuhifadhi majibu madogo ili kujenga jibu kubwa yafuate baadaye, mkishazoea rekasheni, yaani kipande cha programu kinachojiita chenyewe.

Utafutaji wa nusu kwa nusu unastahili maneno zaidi, kwa kuwa unaonyesha vizuri tofauti ya kuelewa na kuweza. Wazo lake linaelezwa kwa pumzi moja: katika orodha iliyopangwa unatazama katikati, unaitupa nusu isiyohusika, na kwa hatua zipatazo 20 unakuwa umemaliza orodha ya vitu milioni moja. Mwaka 2006 Joshua Bloch, ambaye ndiye aliyeuandika utafutaji huo katika maktaba ya lugha ya programu ya Java, alieleza hadharani kwamba msimbo wake ulikuwa na hitilafu iliyojificha kwa miaka ipatayo tisa. Ili kupata katikati, alijumlisha nafasi ya mwanzo na nafasi ya mwisho kisha akagawa kwa mbili, na katika orodha kubwa mno jumla hiyo huvuka 2,147,483,647, ambayo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayobebwa na namba kamili ya biti 32, ikageuka kuwa hasi. Tiba yake ni kuchukua mwanzo, kisha kuongeza nusu ya tofauti kati ya mwisho na mwanzo. Simtaji Bloch ili kuwatisha. Nataka kila mnapomaliza kuandika msimbo mjizoeze kuupitisha wenyewe, kwa sauti, kwenye orodha tupu, orodha ya kitu kimoja, orodha ya vitu viwili, na kitu kisichokuwamo, kabla msaili hajawaomba. Na swali mkilitatua, lifungeni, mlirudie baada ya siku nne kwenye karatasi tupu. Lisipoandikika, bado hamjalijua.

Hatua za mchakato hutofautiana baina ya kampuni, lakini kwa kawaida huanza na simu ya mtu wa ajira, hufuata jaribio la mtandaoni au kazi ya kufanyia nyumbani, kisha vikao kadhaa vya kiufundi, na mwisho kikao cha kueleza mlivyofanya kazi na watu. Wenye uzoefu wa miaka kadhaa huulizwa pia kuhusu usanifu wa mifumo, kwa mfano jinsi ya kujenga huduma ya kufupisha anwani za tovuti. Hapo hesabu ndogo husaidia kuliko majina makubwa ya teknolojia. Herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu jumla yake ni alama 62, kwa hiyo kifupisho cha alama saba kinatosha anwani zipatazo trilioni 3.5. Maombi milioni kumi kwa siku yanatisha kuyasikia, lakini siku ina sekunde 86,400, hivyo ni wastani wa maombi 116 kwa sekunde, mzigo ambao hauhitaji kundi la seva. Anayefanya hesabu hiyo kwanza, ndipo achore hifadhidata na kache (hifadhi ya muda ya data zinazoombwa mara kwa mara), huonekana mara moja kwamba anajua anachokifanya.

Kikao cha mwisho wengi wetu hukidharau, na hapo mimi nilipoteza kazi mbili. Niliulizwa nieleze tatizo gumu nililowahi kulitatua, nikaeleza vizuri kabisa, lakini kila kitenzi changu kilianza na "tu": tuligundua, tulirekebisha, tulipeleka. Nilidhani ni unyenyekevu. Msaili alibaki hajui mimi nilifanya nini. Andaeni visa vitano vya kweli, kimoja kikiwa cha kosa lenu wenyewe, na katika kila kimoja mseme hali ilikuwaje, jukumu lenu lilikuwa lipi, mlichukua hatua gani kwa mikono yenu, na matokeo yalikuwa nini.

Msidanganye. Msizidishe miaka ya kazi, na msiruhusu programu ya akili unde iwanong'oneze majibu wakati wa usaili, kwa sababu swali linalofuata daima ni "kwa nini umechagua hivyo?", na asiyelitunga jibu hana la kusema. Na yeyote anayewaomba pesa ili awapatie usaili au barua ya ajira ni tapeli. Mwajiri wa kweli hamtozi mwombaji.

Mwenzenu aliniuliza pia kama maisha huku hutulia ukishapata kazi. Kwa uaminifu kabisa, hutulia nusu. Kibali cha kukaa mara nyingi hufungamana na mwajiri. Marekani, kwa mfano, mwenye H-1B, ambayo ni viza ya kazi kwa wataalamu wa kigeni, akipoteza kazi hupewa muda usiozidi siku 60 wa kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake au kuondoka. Ndiyo maana mpaka leo, nikiwa na kazi, bado natatua maswali mawili kila wiki. Swali la viza liulizeni katika simu ya kwanza kabisa, kwa upole na bila kuficha, kwani si kila kampuni iko tayari kumdhamini mgeni, na ni afadhali kulijua hilo mapema kuliko baada ya vikao vitano.

Jumapili hii nipigieni simu ya video ninyi wote wanne, kila mmoja akiwa na karatasi tupu na kalamu. Nitawauliza lile swali la namba mbili nililoangukia, nitakuwa mkimya kama msaili yule, nanyi mtasema.