Kukimbia peke yako mlimani wakati wa kipupwe

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza ujiandae vipi kwa mazoezi ya kukimbia peke yako katika njia za milimani huko Lushoto mwezi wa Julai, ilhali mwili wako umezoea joto la Pemba. Baridi isikutishe unapokimbia. Hatari huja pale unaposimama kupumzika, fulana ikiwa imelowa jasho, na upepo ukakupiga. Kwa hiyo iache fulana ya pamba, ambayo hushika maji, uvae ya kitambaa chepesi kinachokauka upesi, na koti jembamba la kuzuia upepo ulifunge kiunoni, ulivae kabla hujaanza kutetemeka.

Mteremko huumiza mapaja kuliko mpando, jambo ambalo wengi hulisahau, basi tangu sasa jizoeze kushuka taratibu, kwa hatua fupi, ile barabara ya Wete iendayo bandarini.

Kuhusu kwenda peke yako, nakusihi sana umwachie mwenyeji wako maelezo ya njia utakayopita na saa utakayorudi, na ukungu ukitanda hata usiione njia, geuka urudi ulikotoka.